Uyoga wa Mwituni: Mbuzi Kuula Si Ithibati

Mvua inaponyesha Namoruputh na sehemu nyingine za kaunti ndogo ya Loima, uyoga huota kwenye vichuguu, samadi na chini ya miti. Mwingine huliwa, mwingine huua. Wakazi wanahimizwa wasile uyoga wowote wasioujua kwa hakika.

Uyoga wa mchwa unaoliwa huwa na shina refu linaloshuka hadi ndani ya kichuguu. Hata hivyo, kuota karibu na kichuguu pekee si kitambulisho. Upo uyoga wa sumu wenye kofia nyeupe na magamba ya kahawia. Ukiwa mchanga hufanana na unaoliwa. Ukikomaa, upande wa chini wa kofia hugeuka kijani.

Mbuzi au wadudu kuula uyoga hakuonyeshi kwamba ni salama kwa binadamu. Harufu nzuri pia si dalili ya usalama. Kuchemsha au kukausha hakuondoi sumu kali zaidi.

Kutapika, kuhara na tumbo kusokota huweza kuanza baada ya saa chache. Sumu hatari zaidi huchelewa saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu huku ini likiharibika. Kwa hivyo, asisubiri nyumbani. Apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na mabaki ya uyoga, hata yaliyopikwa. Wote waliokula sahani moja naye waende pia, hata kama hawajaugua.