Homa siyo malaria tu, mshkaji!

HUKU kwetu Karatu, ukiamka mwili unauma na kijasho kinakutoka, hata zahanati hujafika, washkaji wameshakupima kwa macho: "Malaria hiyo, kameze mseto!" Zamani hata madokta wengi walikuwa hivyo hivyo. Homa ilikuwa malaria, basi.

Sasa sikia hii. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali walichunguzwa damu upya. Waliokutwa na vijidudu hawakufika nusu! Na kati ya mahututi, wasio na vijidudu ndio waliofariki kwa wingi zaidi.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema: mgonjwa yeyote apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Mwongozo wa Wizara yetu ya Afya nao unasema hivyo. Tone la damu kidoleni, unasubiri kama dakika 20, jibu hilo. Hapo mwongozo naupigia makofi. Dokta anayejitapa kwamba uzoefu wake unamtosha, kupima hahitaji, mkimbie!

Ila kasheshe inaanzia hapo. Kipimo kimesema huna malaria, lakini homa bado unayo. Kipimo kimejibu swali moja tu.

Vuka geti la Lodoare, shuka mpaka Endulen, Ngorongoro. Kule watu wanaishi na mifugo, na upo ugonjwa wa bruselosisi unaotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Utafiti wa Endulen uliochapishwa mwaka 2020 uliukuta kwa wagonjwa wa homa. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma. Unaupata kwa maziwa mabichi, au kwa kumhudumia mnyama aliyetupa mimba bila kujikinga.

Kipimo chake nacho kina visa: kinaweza kuonyesha dalili za ugonjwa uliokwisha zamani. Tiba yenyewe siyo mchezo. Mseto ni siku 3, lakini hapa ni dawa mbili kwa wiki 6, na doksisaiklini, moja ya dawa hizo, kwa kawaida hapewi mjamzito. Mwongozo unataja dawa, sawa. Lakini nani atajua kwamba wiki iliyopita ulikunywa maziwa bomani? Ni dokta aliyeinua macho kutoka kwenye karatasi akakuuliza.

Kwa hiyo, msomaji wangu, dokta mwenye maswali mengi siyo mbeya. Mwambie yote: ulilala wapi, ulikunywa nini, vidonge gani umeshanunua dukani. Na jibu la malaria likitoka safi, usikubali kuondoka kimya kimya. Muulize kwa adabu: "Sasa dokta, kama siyo malaria, ni nini?"