Msaada wa Masomo Ng'ambo: Soma Barua Kabla ya Kuuza Shamba

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, hapa Kisii na kule Nyamira huwapo nyumba zenye furaha na mashaka kwa pamoja. Mtoto amefaulu vizuri, walimu wamemsifu, naye asema ataka kwenda kusoma ng'ambo. Baba huketi kimya akihesabu mali yake: mashina ya chai, ng'ombe wawili, na kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake. Ndipo atokeapo mtu wa mjini, amevaa vizuri, akisema, "Mzee, mimi nitampatia mtoto msaada wa masomo. Lete tu fedha za kuandikisha jina."

Makala haya yataka kuwaeleza wazazi na vijana jinsi misaada hiyo inavyopatikana, na kuwaonya juu ya jambo moja ambalo limewaumiza watu wengi.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa upande wa Nyamira alinijia ofisini na bahasha mkononi. "Nisomee, mwanangu," akasema, "nijue siku ya safari." Barua ilikuwa ya kweli, tena yenye heshima. Chuo kilisema kwamba binti yake amekubaliwa, na kwamba atasamehewa robo ya karo. Mzee aliposikia neno robo akaniomba nisome tena, kwa maana wakala alikuwa amemwambia kwamba kila kitu kimelipwa. Robo tatu zilizobaki, kwa mwaka mmoja tu, zilipita thamani ya shamba lake lote. Naye alikuwa amekwisha kuuza nusu ekari ya chai ili kumlipa wakala huyo. Binti hakusafiri. Leo asoma hapa nchini kwa mkopo wa Serikali, na habari zake ni njema; lakini ile nusu ekari haikurudi.

Tatizo hili si geni. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege moja kutoka Nairobi kwenda Marekani, katika safari zilizopangwa na marehemu Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa huku na wa Marekani. Wengi wao walikuwa wamekwisha kupata nafasi na misaada katika vyuo. Walichokosa ni nauli. Vijijini watu walichanga walichoweza, na huko Marekani watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliomba fedha kwa ajili yao. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Hata kufikia mwaka 1963, vijana wapatao 800 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamesafirishwa. Wangari Maathai alikwenda Kansas mwaka huo wa 1960. Katika miaka hiyo hiyo watu wa Gusii nao walivuka bahari: Dkt. Zachary Onyonka, ambaye baadaye alikuwa mbunge na waziri, alisomea Puerto Rico, kisha Chuo Kikuu cha Syracuse.

Basi twaona kwamba tangu zamani neno msaada halikuwa na maana ya kila kitu. Ulizeni sehemu tano: karo, malazi, chakula, matibabu, na nauli. Msaada mmoja hulipa zote, mwingine hulipa moja.

Natoa mifano. Serikali ya Uturuki hulipa karo, malazi, bima ya matibabu, masurufu ya kila mwezi, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na nauli ya kwenda na ya kurudi mara moja. Hungaria nayo hulipa karo, na humsaidia mwanafunzi kwa malazi na bima. Lakini hailipi ndege, na masurufu ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni forinti 43,700 kwa mwezi, ambazo peke yake hazimtoshi mtu kula na kuvaa. Ujerumani vyuo vingi vya Serikali havitozi karo, na hapo wengi hushangilia mapema. Walakini mwanafunzi asiye na mfadhili hana budi kuweka benki yuro 11,904 za matumizi ya mwaka kabla hajapewa viza. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu.

Marekani viko vyuo vichache, kama Princeton, Yale na Amherst, ambavyo havitazami umaskini wa mwombaji vinapochagua, hata akiwa mgeni. Naye aliyekubaliwa husaidiwa kwa kadiri ya upungufu wa nyumba yao. Mlango huo ni mwembamba mno, kwa maana waombao ni maelfu na maelfu. Tena maombi hufungwa siku za kwanza za Januari, kwa masomo yaanzayo miezi ya Agosti na Septemba. Kijana anayengoja matokeo ya Januari ndipo aanze kuuliza, amekwisha kuchelewa kwa mwaka huo. Yafaa aanze angali darasani.

Iko misaada mingine isiyomhusu kabisa mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Chevening ya Uingereza ni ya mwaka mmoja wa shahada ya pili, kwa mtu mwenye shahada ya kwanza na kazi ya miaka isiyopungua miwili. Basi wakala akikuahidi Chevening kwa mwanao aliyetoka shule juzi, huhitaji ushahidi mwingine: ama hajui, ama akudanganya.

Nanyi mliosikia habari za Eldoret msizisahau. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizolipa katika mpango wa kupeleka vijana Finland na Canada. Wengi walikuwa wametoa mamia ya maelfu ya shilingi, na mambo hayo yalifika mbele ya Seneti na mahakamani. Ikiwa mpango uliojulikana na watu wote uliweza kuleta machozi, je, mtu mmoja mwenye simu na mkoba?

Sisemi kwamba kila fedha inayotakiwa ni wizi. Pasipoti ina malipo yake, na mtihani wa Kiingereza, na viza; vyuo vingine vya Marekani pia hutoza ada ya kuomba, ingawa mwenye shida aweza kuomba asamehewe. Lakini malipo hayo hupokewa na ofisi yenyewe, na stakabadhi hutolewa. Kuomba misaada ya Uturuki, ya Hungaria na ya Chevening hakulipiwi hata senti.

Kwa hiyo, kwanza, hati na ziwe tayari mapema: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya shule, pasipoti, na barua za walimu wanaomjua mtoto. Majina yalingane katika hati zote, maana herufi moja iliyokosewa huchelewesha kazi kwa miezi. Pili, habari zisomwe katika tovuti ya chuo chenyewe, au ya Wizara ya Elimu, ambayo hutangaza misaada ya serikali za nje. Tatu, kijana aandike maombi kwa mkono wake na kwa akili yake. Nne, barua ikifika, isomwe na watu wawili wasiokuwa na faida ndani yake, kama mwalimu au karani. Nao waihesabu kwa shilingi, mwaka baada ya mwaka, hata mwisho wa masomo.

Hesabu ikikubali, waiteni jamaa na majirani mchange nauli, kama walivyofanya wazee wetu. Ikikataa, si aibu. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013, vyuo vingine viko, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ipo. Mwenye shahada njema ya hapa nyumbani aweza kuomba shahada ya pili ng'ambo, na huko misaada iliyo kamili ni mingi zaidi.

Shamba la Gusii ni dogo, na kila mwaka linagawanywa. Mtoto apelekwe mbali kwa elimu, tena kwa moyo wote. Lakini barua isomwe kwanza.