Kilwa Kivinje: Historia iliyokaa nje

WAGENI wengi wafikao wilayani Kilwa, mkoani Lindi, hukimbilia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kilwa Kivinje, mji wa wavuvi ulio karibu na mdomo wa Mto Matandu, haumo katika orodha hiyo, na wengi huupita.

Hasara ni yao, kwani hapa historia imekaa nje. Boma la Wajerumani linatazama bahari. Mitaani zimo nyumba za mawe na chokaa, masalia ya utajiri wa pembe za ndovu na wa watumwa walioswagwa kutoka pande za Ziwa Nyasa katika karne ya 19. Mwembe Kinyonga ndiko Wajerumani walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa kuupinga utawala wao.

Ufukweni, maji yakikupwa, mashua hulala ubavu juu ya tope na mikoko huonekana hadi mizizi.

Tatizo ni kuta. Makao makuu ya wilaya yalipohamia Kilwa Masoko, majengo mengi yalikosa mtunzaji. Kadhaa hayana paa, na kila masika mvua huzidi kumega chokaa.