Dividii Huugua Kimyakimya

Leo filamu inacheza vizuri. Kesho picha inaganda, inakatika miraba miraba, na deki inagoma. Watu hulaumu deki, lakini mara nyingi mgonjwa ni sahani yenyewe, na ugonjwa ulianza zamani.

Dividii ina unene wa milimita 1.2 tu: vipande viwili vya plastiki vilivyogundishwa, na katikati yake utando mwembamba wa alumini. Filamu imeandikwa kwa vishimo vidogo mno, vimefuatana kuanzia ndani kwenda nje kama ukili wa kawa, na kutoka mzunguko hadi mzunguko ni mikromita 0.74. Unyevu ukipenya ukingoni, alumini hupoteza mng'ao na leza haisomi tena. Zile zilizochomwa kwenye kompyuta ni dhaifu zaidi, maana data yake imo katika rangi inayoharibiwa na joto na jua.

Mbona basi hatuoni dalili mapema? Waliobuni dividii walijua mikwaruzo haikwepeki, wakaongeza ndani ya data hesabu ya kinga, Reed-Solomon, iliyochapishwa na Wamarekani wawili mwaka 1960. Deki ikikuta pengo, hupiga hesabu na kulijaza, nawe huku unatazama bila kujua. Mapengo yanazidi, hesabu inaziba, hadi siku inapozidiwa.

Ndiyo maana nahimiza kuhamisha filamu wakati bado zinacheza. Hesabu ikiwa inatosha, kinachoingia kwenye hadi diski ni data ileile, biti kwa biti. Kaseti za VHS hazikuwa hivyo. Kila nakala ilififia kuliko mama yake.

Nafasi si tatizo. Dividii ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya tabaka mbili 8.5, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inameza zaidi ya mia. Sheria ndiyo ya kuangalia: Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli ya kidijitali iliyowekwa kwenye sahani.

Mimi nilianza na filamu za mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, kwa sababu hatacheza nyingine. Na kwa kuwa hadi diski nayo hufa, tena ghafla, ninazo mbili: moja kabatini kwangu, nyingine kwa dada yangu.