Ukienda Garissa kutazama ndege, jihadhari na mbu

Matembezi ya Jumatano ya kutazama ndege, aliyoyaanzisha Fleur Ng'weno jijini Nairobi mwaka 1971, yamewafunza wengi kushika darubini. Aliyeonja raha hiyo hutamani kufika mbali, mathalani Garissa, akawaone hondohondo na kanga wenye vifua vya buluu.

Ulizia kwanza usalama wa njia. Kisha fikiria mbu, kwani mvua ile ile inayoleta ndege huwazalisha. Baada ya mvua za El Nino, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka huko mwaka 1997; ikarudi mwishoni mwa 2006 na kuua zaidi ya watu 150 nchini. Huenezwa na mbu, na pia kwa kugusa damu ya mifugo wagonjwa. Basi ukikuta mbuzi aliyekufa, usimkaribie hata kama tai waliomzunguka wanakuvutia.

Malaria nayo humwangusha vibaya mtu wa Nairobi, maana mwili wake haujaizoea. Mwone daktari mapema akupe dawa za kinga, na ulale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Ukikaribishwa maziwa ya ngamia, omba yaliyochemshwa. Chai ya wenyeji ni tamu ajabu.

Tokeni alfajiri, mrudi kabla ya saa nne, kwani joto hupita nyuzi 35. Kikundi kiwe cha watu watano au sita: ndege hawatashtuka, na kiongozi atamwona upesi anayeyumba na kusema ovyo. Huyo awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na kukimbizwa hospitalini.

Homa ikikushika wiki mbili baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa Garissa.