Baiskeli ya Gia Moja kwa Safari za Mjini: Jinsi ya Kuchagua Iliyo Nafuu na Imara

Baiskeli ya gia moja ina sproketi moja mbele, penye pedeli, na moja nyuma, kwenye gurudumu. Kati yazo hupita cheni isiyohama mahali pake. Haina waya wa gia, haina springi ya kuvuta cheni, wala haina mkono wa kubadilishia kwenye usukani. Kwa mtu anayekwenda kazini, sokoni au chuoni kila siku, upungufu huo ni faida: kila kifaa kisichokuwapo ni kifaa kisichoharibika, kisichonunuliwa na kisichohitaji fundi. Katika miji tambarare kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja Mjini, gia moja iliyochaguliwa vizuri inatosha kabisa. Kazi iliyobaki ni kuichagua vizuri.

Baiskeli ilianza hivyo. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aina ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akabuni tairi la upepo lililofaa kwa baiskeli, na umbo tunalolijua leo likakamilika. Hata mashindano ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, hayakuruhusu mitambo ya kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo washindani walifunga sproketi mbili kwenye gurudumu la nyuma, kila upande moja, na walipofika mlimani walishuka, wakaligeuza gurudumu na kuendelea.

Aina zinazopatikana

Mnunuzi wa Afrika Mashariki hukutana na aina tatu. Ya kwanza ni baiskeli nzito ya chuma, ile iliyoletwa zamani na Raleigh ya Uingereza, na baadaye ikaenezwa na Phoenix ya China pamoja na Hero na Avon za India. Nchini Kenya inajulikana kama Black Mamba. Ina magurudumu makubwa ya inchi 28, keria ya nyuma inayobeba mzigo mzito na mara nyingi breki za fimbo. Uzito wake hukaribia kilo 20 au kuzidi. Ubora wake mkubwa ni vipuri: spoki, gololi, pini na tyubu zake hupatikana hata kwenye duka dogo la mtaani, na kila fundi anaifahamu.

Ya pili ni baiskeli ya mtumba kutoka Japani au Ulaya, iliyotengenezwa kwa ajili ya mjini. Huja na madigadi, kikapu, stendi na kifuniko cha cheni, vitu vinavyolinda nguo za kazini. Baadhi ya hizo zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, kwa hiyo mnunuzi anayetaka gia moja aulize kabla ya kulipa.

Ya tatu ni baiskeli nyepesi yenye fremu ya mashindano au ya barabarani, magurudumu membamba na gia moja. Uzito wake huwa kati ya kilo 9 na 12. Mpya ni adimu na bei yake iko juu, lakini fundi hodari anaweza kuitengeneza kutokana na fremu kuukuu. Hapo kuna sharti moja: mahali pa kufungia ekseli ya nyuma pawe na mfereji mrefu unaolala, ili gurudumu liweze kuvutwa nyuma na cheni ikaze. Fremu ambayo mfereji wake umesimama wima haitoi nafasi hiyo, na italazimu kuongeza kifaa cha kukaza cheni.

Friwili au gia iliyofungwa

Baiskeli nyingi za gia moja zina friwili, yaani sproketi ya nyuma inayoacha gurudumu lizunguke wakati miguu imetulia. Nyingine hazina friwili: sproketi imefungwa moja kwa moja kwenye habu, na gurudumu likizunguka pedeli nazo huzunguka. Hiyo ndiyo baiskeli ya viwanja vya mbio, zikiwemo mbio za keirin za Japani zilizoanza mwaka 1948, na baadaye ilipendwa na wapeleka barua na vifurushi wa miji mikubwa ya Marekani. Mpandaji hupunguza mwendo kwa kuzuia pedeli kwa miguu. Sproketi yake hushikiliwa na nati inayokazwa kwa kuzungushwa kinyume, ili isilegee mpandaji anapozuia.

Gia iliyofungwa ina vifaa vichache zaidi, lakini inataka mazoea. Kwenye kona kali pedeli inaweza kugusa lami kwa kuwa haiwezi kusimamishwa juu, na kamba ya kiatu ikinaswa kwenye cheni hakuna nafasi ya kusita. Kwenye barabara yenye daladala, pikipiki na mashimo, friwili ndiyo chaguo la busara kwa watu wengi. Anayependa gia iliyofungwa asiache kuweka breki ya mbele. Sheria ya Uingereza, kwa mfano, inataka mifumo miwili ya breki inayojitegemea. Gia iliyofungwa huhesabiwa kuwa mmoja wa nyuma, na breki ya mbele haina mbadala.

Hesabu ya meno

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni idadi ya meno. Ukigawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma unapata idadi ya mizunguko ambayo gurudumu hufanya kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Meno 44 mbele na 18 nyuma hutoa takriban 2.4. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja hutembea karibu mita 2.2, hivyo mzunguko mmoja wa pedeli unaipeleka baiskeli mita 5.4 hivi. Mpandaji anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika, mwendo wa kawaida usiotoa jasho jingi, atakwenda karibu kilomita 19 kwa saa. Kazini penye umbali wa kilomita 6 atafika kwa dakika 20 hivi, mbali na muda wa kusubiri kwenye taa za barabarani.

Meno 48 kwa 16 hutoa 3 kamili. Kwa mzunguko uleule wa pedeli mwendo unakaribia kilomita 24 kwa saa, lakini kuanza kila baada ya kusimama kunakuwa kuzito, na daraja dogo tu linamfanya mpandaji ainuke kitini. Meno 44 kwa 20 hutoa 2.2: mwendo unashuka hadi kilomita 17 hivi, na magoti yanapumzika. Kwa sababu hiyo, kwa mji tambarare wa pwani unafaa uwiano wa 2.4 mpaka 2.8 kwa baiskeli nyepesi, na 2.2 mpaka 2.5 kwa baiskeli nzito au inayobeba mzigo. Kwa Mwanza, Kampala na Kigali, ambako vilima ni sehemu ya kila safari, gia moja huwa mateso kwa mtu asiye na mazoezi, na baiskeli yenye gia kadhaa inastahili gharama yake.

Habari njema ni kwamba kosa la gia hurekebishwa kwa bei ndogo. Friwili ni kifaa cha bei rahisi, na kuongeza jino moja nyuma kunalainisha gia kwa takriban asilimia 5, sawa na kupunguza meno mawili au matatu mbele. Ni vyema kununua baiskeli inayofaa kwa mengine yote, kisha kubadilisha friwili ikionekana nzito.

Magurudumu na matairi

Jina la inchi halitoshi. Magurudumu mawili yanaweza kuitwa inchi 26 na tairi la moja lisiingie kwenye jingine: la baiskeli ya milimani hukaa kwenye rimu ya milimita 559, ilhali la baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani, lililoandikwa 26 x 1 3/8, hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Vivyo hivyo kwa inchi 28: la Phoenix na wenzake ni milimita 635, na la baiskeli za mashindano ni milimita 622. Kipimo cha kuaminika kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa tarakimu mbili, kama 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha rimu panapokaa tairi. Kabla ya kununua baiskeli ya mtumba, mnunuzi apite kwenye maduka ya vipuri ya mtaani kwake na kuuliza kama tairi la kipimo hicho lipo. Baiskeli nzuri isiyopata tairi itaishia stoo.

Upana wa milimita 32 mpaka 40 unafaa barabara zenye lami iliyochimbika, mchanga na changarawe. Tairi jembamba la milimita 23 hukimbia kwenye lami safi, lakini huumiza rimu kwenye shimo la kwanza na huhitaji upepo mwingi sana. Upepo pungufu ni chanzo kikubwa cha pancha, kwani tyubu hubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Kiwango sahihi kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Valvu nayo itazamwe: iliyo sawa na ya gari hujazwa hata kwenye kituo cha mafuta, lakini nyingine hutaka pampu yake.

Breki

Breki mbili zinazofanya kazi ni lazima. Ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa kuwa baiskeli inapopunguza mwendo uzito wa mpandaji husogea mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Rimu za chuma zinazong'aa zina udhaifu mmoja ambao wanunuzi wengi hawaufahamu: zikilowa, raba za breki huteleza na umbali wa kusimama huongezeka sana. Rimu za aluminiamu hushika vizuri zaidi kwenye maji, na ni nyepesi. Kwa anayesafiri wakati wa masika, pesa za kubadilisha rimu ya mbele na raba zake zina faida kuliko pesa za rangi mpya. Baiskeli nyingine husimama kwa kukanyaga pedeli kurudi nyuma. Breki hiyo imefichwa ndani ya habu, haiathiriwi na mvua na haihitaji waya, ila gurudumu la mbele bado linahitaji breki yake.

Fremu na kimo cha mpandaji

Mpandaji akisimama juu ya bomba la juu, nyayo zote mbili zikiwa chini, kuwe na nafasi ya sentimita mbili au tatu kati yake na bomba. Urefu wa kiti hupimwa kwa kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Kisha, pedeli ikikanyagwa kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjika kidogo. Kiti kilicho chini mno ndicho kinachowaumiza magoti wapandaji wengi. Fremu isiyo na bomba la juu huwafaa wanaovaa gauni, kanga au kanzu, na wanaobeba mtoto au mzigo nyuma.

Kukagua ya mtumba

Ukaguzi unaanza kwenye fremu, kwa sababu ndiyo isiyobadilishwa. Nyufa, mikunjo ya rangi au viungio vipya vya kuchomelea karibu na shingo ya usukani ni sababu tosha ya kuiacha. Kisha gurudumu linyanyuliwe na kuzungushwa likitazamwa penye raba za breki: likiyumba kidogo, spoki hukazwa, lakini rimu iliyokunjika hubadilishwa. Breki ya mbele ikishikwa na baiskeli kusukumwa mbele na nyuma, mlio wa kugonga huonyesha kuwa gololi za shingo zimelegea au zimeisha. Mikono ya pedeli ivutwe kuelekea kulia na kushoto. Ikicheza pamoja, tatizo liko kwenye ekseli ya kati, na mmoja ukicheza peke yake, mara nyingi ni pini yake.

Cheni hupimwa kwa rula. Viungo 24, kutoka pini hadi pini, vinapaswa kuwa na urefu wa milimita 305. Ikizidi kwa milimita 2, cheni imechakaa, na ikizidi kwa milimita 3, huenda imeshakula meno ya sproketi pia, na bei ishushwe kulingana na hilo. Cheni ya gia moja ni pana zaidi kuliko ya baiskeli za gia nyingi, na sproketi zichaguliwe za upana huohuo.

Kugawa bajeti

Mnunuzi asimalize pesa zote dukani. Sehemu yake ibaki kwa tairi zuri, raba za breki, kufuli imara, taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Kwa fedha ileile, baiskeli kuukuu yenye fremu nzima na magurudumu mazuri hushinda mpya yenye rimu laini na breki za plastiki.

Matunzo yake ni machache. Upepo utazamwe kila wiki. Cheni ifutwe na kutiwa mafuta kidogo mara vumbi au mvua inapoiacha kavu, na ikazwe ili katikati yake icheze kiasi cha sentimita moja juu na chini: iliyolegea huruka, na iliyokaza mno hula gololi. Gololi za habu, shingo na ekseli ya kati zioshwe na kupakwa grisi mpya angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa baiskeli inayopita maji ya chumvi au mafuriko.