Sukari imepanda 14, nifanyeje?

“Jamani naombeni msaada mama sukari imepanda 14 amemeza dawa lakini bado nifanyeje.” Meseji za sampuli hii ni za kila siku katika makundi ya simu ya wagonjwa wa kisukari na jamaa zao, na majibu yake hayakawii. Mmoja atasema mama aongezewe insulini, kwa kuwa baba yake aliongezewa akapata nafuu. Mwingine atasifia majani ya mlonge, wa tatu maji ya bamia, wa nne ataandika “pole sana, Mungu ni mwema” na kuendelea na shughuli zake. Wote wana nia njema. Kasoro iko kwenye swali, maana swali lenye mapengo halikosi majibu. Hupata mengi kupita kiasi, kwa sababu kila msomaji huziba pengo kwa ugonjwa anaoujua yeye, ama wake mwenyewe ama wa mtu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo mama aliyeandikiwa ujumbe huu ataishia kupewa ushauri uliomfaa mgonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika makundi ya kusaidiana, uandishi unaoeleweka ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, sawa na kusoma maelezo ya dawa kabla ya kuimeza.

Tuanze na hiyo 14. Vipimo vyetu vingi Afrika Mashariki husoma sukari kwa milimoli kwa lita. Marekani husoma kwa miligramu kwa desilita, na ili kupata namba yao unazidisha ya kwetu mara 18. Ufaransa wana desturi ya gramu kwa lita. Sukari ile ile itaandikwa 7 Dodoma, 126 Chicago na 1.26 Paris. Kundi lenye ndugu walioko ng’ambo linaweza kuwa na namba zote hizo kwa siku moja, na anayeona 126 bila kizio atashtuka bure, au asishtuke pale anapopaswa kushtuka. Hata kizio kikijulikana bado kuna saa na mlo. Sukari ya 7 au zaidi asubuhi kabla ya kula chochote ni kiwango ambacho madaktari hukitumia kutambua kisukari, lakini 7 hiyo hiyo masaa mawili baada ya ugali haimtishi mtu. Vivyo hivyo 14 ya alfajiri, tumbo tupu, ina habari tofauti na 14 iliyopimwa nusu saa baada ya chai na maandazi manne. Aliyeandika “imepanda 14” anaamini ametoa taarifa, kumbe ametoa namba tu.

Kwenye dawa hatari inazidi. Mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua ubora wa hospitali nchini Marekani, kilitoa orodha ya vifupisho ambavyo wahudumu hawaruhusiwi kuviandika. Herufi U, iliyokuwa ikisimama badala ya uniti za insulini, imo ndani yake, kwa sababu 10U ilisomwa 100. Sifuri iliyowekwa baada ya nukta bila sababu imo pia: 5.0 ikisomwa haraka ni 50. Nukta isiyotanguliwa na sifuri nayo imo: .5 hugeuka 5. Hao ni wauguzi na wafamasia waliosomea kazi hiyo, wakiwa kazini, na bado walikosea hadi ikabidi kuwekwa sheria. Sembuse mjukuu anayesoma kwenye kioo kilichopasuka, ndani ya daladala. Ukiandika “uniti 10” kwa urefu umepoteza sekunde moja, na hakuna atakayeisoma 100.

Saa zetu nazo zina mtego wake. Simu inaonyesha 20:00, sisi tunasema saa 2 usiku. Aliyeandika “ameze saa 8” huenda anamaanisha saa nane mchana, huenda anasoma namba za simu na anakusudia saa mbili, huenda alitaka kusema kila baada ya masaa 8. (Walimu wa sarufi hawalipendi neno “masaa”. Katika ujumbe wa dawa mimi nalitetea bila haya, maana linatenganisha muda na wakati.) Bahasha ya dawa imeandikwa 1x3, na aliyepewa maelezo dirishani anajua ni kidonge kimoja kutwa mara tatu. Ikinakiliwa kundini bila maelezo, kuna atakayesoma vidonge vitatu kwa mpigo.

Sura ya maandishi ina uzito mdogo kidogo kuliko hayo, lakini nayo ina ushahidi wake. Miles Tinker, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetafiti usomaji kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba maandishi ya herufi kubwa tupu husomwa polepole zaidi ya yale ya kawaida, kwa tofauti inayopita asilimia 10. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliripoti kwamba kati ya watu aliowapima wakisoma kwenye skrini, asilimia 79 walipitisha macho juu juu badala ya kusoma neno kwa neno. Weka mambo hayo mawili pamoja na mkato wa vijana, “cjui”, “xaxa”, “ucku”, na ujumbe wa mistari ishirini usio na nukta wala nafasi. Kiswahili kinabeba mengi ndani ya silabi chache za kitenzi: “hajanywa” na “hanywi” si taarifa moja kwa anayemshauri mgonjwa, na ukianza kula irabu tofauti hiyo ndiyo hupotea kwanza. Wasioona, ambao simu huwasomea kwa sauti, hulazimika kusikiliza jina la kila kikaragosi (emoji) kilichobandikwa, kimoja baada ya kingine, kabla ya kulifikia swali.

Lililo muhimu kuliko herufi ni mpangilio. Hospitali nyingi duniani hutumia utaratibu uliotokana na nyambizi za Jeshi la Majini la Marekani, ukaletwa kwenye tiba na shirika la afya la Kaiser Permanente: anayempigia daktari aseme hali ilivyo sasa, historia fupi, anavyoiona mwenyewe, kisha anachoomba. Kwa makundi yetu ningepindua kidogo, ombi likae juu. Hapo ndipo pingamizi la kwanza huja: Mswahili hakurupuki na swali, kuna salamu na kujuliana hali. Ni kweli, na aliyezoea kuamkiwa shikamoo ataona amedharauliwa. Lakini waandishi wa barua wa zamani walilitatua jambo hili kabla hatujazaliwa. Baada ya salamu ilikuja “nia na madhumuni ya barua hii”, na msomaji alijua papo hapo jicho lake lisimame wapi. Salamu ya mstari mmoja, kisha madhumuni: adabu imetimia na swali limeonekana.

Ujumbe wa mwanzo ungesomeka hivi: “Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Naomba ushauri: nimpeleke mama hospitali usiku huu au tusubiri kliniki kesho asubuhi? Ana miaka 62, kisukari aina ya pili. Leo saa 12 jioni, masaa mawili baada ya kula, sukari ilikuwa 14 mmol/L. Asubuhi kabla ya kula ilikuwa 8. Anameza metformin miligramu 500 asubuhi na jioni, ya leo ameshameza. Hatapiki, anaongea vizuri, ila anakojoa sana.” Ni maneno hamsini na kitu. Mwenye habari ya mlonge hana pa kuingilia kirahisi, na muuguzi aliyemo kundini anaweza kujibu bila kuuliza maswali saba. Uwazi huo hauhitaji picha ya kadi ya kliniki yenye jina na namba ya faili. Umri, dawa na vipimo vinatosha, na kundi la watu mia tano ni hadhara.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Mtu aliyechanganyikiwa, mama yake yuko kitandani, unamdai mpangilio wa sentensi? Nakubali kwamba huo ungekuwa ukatili. Isitoshe, si kila ujumbe ni ombi la ushauri. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika hisia na matukio pamoja walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Kuandika ovyo kwa uchungu kuna faida yake na kusizuiwe. Linalotakiwa ni neno moja la kutambulisha: “natua mzigo tu”, au “naomba ushauri”. Na pale mwenye shida anaposhindwa hata hilo, deni la uwazi linamhamia anayejibu. Jibu la kwanza kwa “imepanda 14” liwe swali, “Amepima saa ngapi, kabla au baada ya kula?”, kabla ya ushauri wowote. Naona lawama zetu nyingi kwa waulizaji zingewastahili wajibuji.

Wapo watakaosema ujumbe wa sauti unamaliza yote hayo, hasa kwa wasiozoea kuandika. Kwa kufarijiana, sina ubishi. Kwa dawa na vipimo, sauti haitafutiki wiki ijayo, haifunguliki kwenye foleni ya benki, na namba zake hupita zisirudi. Anayeongea aongeze mstari mmoja wa namba chini yake, au admini amwandikie.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa maadmini. Bandikeni juu ya kundi maswali matano ya kujaza: unaomba nini, mgonjwa ana umri na ugonjwa gani, kipimo na kizio chake, saa na mlo, dawa na kiasi. Chini yake wekeni onyo kwa maandishi yanayosomeka: sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L usiulize kundini kwanza. Mgonjwa anayeweza kumeza apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na apewe tena kama haijapanda. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Anayetapika, anayehema kwa nguvu au anayesinzia huku sukari iko juu naye apelekwe hospitali, usiku huo huo.